Kutoka Kabwe Bila Wilson

Rispa na Mama Wanjala, tangu nirudi Eldoret mmekuwa mkiniuliza maswali mawili: mkono umefanya nini, na mume wangu yuko wapi. Nimekuwa nikijibu nusu nusu, kwa sababu hicho chumba chetu cha kufumia sweta za shule, hapo nyuma ya soko, kina kuta za mabati, na upande wa pili kuna watu. Sasa nimeona niandike yote, tangu tulipotoka mpaka tulipofika. Mkishasoma, msimpe mwingine. Mnajua wakati tulio nao.

KABWE

Mnakumbuka Wilson aliondoka Kenya kwa haraka. Alikuwa mwalimu wa hesabu upande wa Ziwa. Baada ya ule uchaguzi wa kupanga foleni nyuma ya wagombea, alisema katika chumba cha walimu kwamba kazi yake ni kufundisha watoto kuhesabu, na foleni aliyoiona kwa macho yake kuwa fupi ndiyo iliyotangazwa imeshinda. Hakusema zaidi ya hapo. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu akamwambia, huku anaangalia dirishani, kwamba kuna watu wameulizia jina lake. Rafiki yake alikuwa akifundisha Zambia, akamtafutia nafasi katika mji wa Kabwe. Mimi na binti yetu Jerop tukamfuata baadaye.

Maisha ya Kabwe hayakuwa mabaya. Tulipewa nyumba ya walimu, nikalima mboga nyuma ya jikoni, na nikafuma. Kule mwezi wa Juni kuna baridi, si kama yetu, lakini inatosha mtu kutafuta sweta. Majirani walianza kuniletea nyuzi. Lugha yao sikuijua, nilikuwa naonyesha kwa mikono: shingo hivi, mikono hivi, mtoto ana urefu gani.

Siku moja natoka sokoni nikiwa nimekaa nyuma ya pikapu pamoja na magunia ya unga. Kwenye kona dereva akakwepa baiskeli, mimi nikaanguka, na gunia moja likanifuata. Mkono wa kulia ulivunjika chini ya kiwiko. Ulifungwa plasta, na plasta ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga lakini vidole vilikataa. Kidole gumba na cha shahada havikukutana tena. Nilijaribu kushika sindano ikaanguka, nikaiokota ikaanguka, nikaiacha hapo sakafuni hadi Wilson alipotoka shule akaiokota yeye.

Wilson alipika, akafua, akamwogesha Jerop. Alifanya yote bila kulalamika, na bila kuzungumza pia. Mwishowe akampelekea mama yake habari, na mama akaja na lori la masafa marefu la mpwa wake, safari ya siku nyingi, amekaa mbele na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, mapajani. Anaitwa Kobilo. Nyinyi hamjamwona, kwa hiyo niwaambie: ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kuona mtu ameketi. Tangu niolewe hakunipenda sana, kwa sababu nilifuma. Kwake kufuma ilikuwa njia ya kukimbia jembe.

Alipofika aliutazama mkono wangu, akaushika, akaupinda mpaka nikalia. Kisha akasema kwa Kinandi chetu, "Mkono usiotumika unakufa. Lete hizo sindano zako."

Nikamwambia siwezi.

"Nani amekuambia uweze? Lete."

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi tulikaa mlangoni. Sindano moja niliibana kwapani, nyingine niliishika na mkono wa kushoto, na Mama akawa anapitisha uzi mahali vidole vyangu vilipopaswa kuupitisha. Mwanzoni vitanzi vyake vilikaza kiasi kwamba sindano haikusonga. Nilimwambia alegeze. Akaniambia ninyamaze. Baada ya muda akawa analegeza. Tulianza sweta la Wilson, la rangi ya kijivu, la kuvaa akirudi kwenye baridi ya kwetu.

Kila tukikaa Mama alisema, "Si afadhali umfumie mtoto?"

"Mtoto ana mawili."

"Anakua. Mfumie mtoto."

Mimi nikaona ni ule ukaidi wake wa kawaida.

Halafu Wilson akaamua turudi nyumbani mimi, mtoto na Mama. Alisema mkono utapona vizuri nikiwa kwa watu wangu, na kontrakti yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka.

"Kwa hiyo Desemba," nikasema.

"Desemba," akasema, akiangalia birika.

KAPIRI MPOSHI HADI MPAKANI

Alitusindikiza mpaka Kapiri Mposhi, ambako treni ya kwenda Dar es Salaam inaanzia. Treni ilikuwa imechelewa, na hakuna aliyejua kwa kiasi gani, basi tulikaa juu ya mizigo na watu wengine waliokaa juu ya mizigo yao. Wilson alimbeba Jerop mabegani akamwonyesha mabehewa. Kisha akamwita mama yake pembeni, wakasimama karibu na ukuta wakizungumza muda mrefu. Nilimwona Mama akitikisa kichwa. Nikadhani ni mambo ya shamba la Ainabkoi, maana mdogo wake Wilson, Kipkemboi, ndiye anayeliangalia.

Treni ilipokuja, Wilson alitupandishia mizigo kupitia dirishani. Aliushika mkono wangu mbovu kupitia dirisha hilohilo, akaufungua vidole kimoja kimoja kama alivyozoea kufanya nyumbani, na treni ilipoanza kutembea akatembea nayo kidogo akiwa ameushika. Kisha akauachilia.

Chumba chetu kilikuwa cha wanawake. Mwenzetu alikuwa mfanyabiashara mnene aliyekuwa akienda mpakani kununua vitenge. Aliitwa BanaMulenga, maana yake Mama Mulenga. Kiswahili alijua cha kununulia tu, yaani "bei gani" na "punguza". Alinitazama nikihangaika kukata mkate, akatoa chupa ya mafuta ya karanga kwenye kikapu na kuuvuta mkono wangu mapajani mwake bila kuniomba.

Mama Kobilo akasimama. "Anamfanya nini huyu? Mwambie aache. Mafuta ya nani hayo?"

"Mama, anakanda tu."

"Unajuaje ni kukanda? Unamjua?"

BanaMulenga alielewa sauti hata kama hakuelewa maneno. Alimimina mafuta kidogo kiganjani mwake, akayalamba mbele ya Mama, akacheka. Mama hakucheka. Alikaa kitandani kwake amenyooka, macho kwenye chupa, siku nzima. Kesho yake alisogea karibu. Siku iliyofuata alikuwa yeye anayemimina mafuta, na BanaMulenga akimwonyesha mahali pa kubonyeza kwenye mfupa. Uchungu wake siwezi kuwaeleza. Nililia mpaka Jerop akaanza kulia naye.

Katika mji wa Mpika treni ilisimama nusu siku, injini inabadilishwa. Wauzaji walikuja madirishani na mabakuli ya kitu cheusi kilichokauka. Mama aliona watu wanatafuna kwa furaha, akaomba kuonja, akidhani ni nyama ya kukausha. Alitafuna, akasema ina chumvi nzuri. Jerop ndiye aliyekiinua kimoja kwenye mwanga akamwambia bibi yake, "Kogo, hii ina miguu." Walikuwa viwavi. Mama alimeza kile kilichokuwa mdomoni kwa sababu ya heshima, akafuta midomo kwa leso, na hakula tena mpaka tulipovuka mpaka.

BanaMulenga alishuka Nakonde, upande wa Zambia. Aliniachia ile chupa ya mafuta. Mama alimpa shanga alizovaa mkononi, zile za zamani. Wakashikana mikono dirishani wakisemeshana, kila mmoja kwa lugha yake, wala hakuna aliyeomba kutafsiriwa.

JUU YA MLIMBA

Baada ya Makambako reli inateremka milimani, inaingia handaki hili na kutokea lile. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na kabla ya Mlimba udongo ulikuwa umefunika reli. Tukasimamishwa kwenye stesheni ndogo iliyokuwa na jengo moja na bomba moja la maji. Walisema tutaondoka mchana. Mchana ulipita. Walisema jioni. Ikaja kesho yake, na mvua haijaacha.

Mkate uliisha. Wenyeji walileta ndizi za kuchemsha na samaki wadogo wa mtoni, tukala. Mama alikuwa ameanza kukohoa. Nilimfunika blanketi nikachukua sindano, kwa sababu hakukuwa na la kufanya na vidole vyangu vilikuwa vimeanza kusikia kidogo. Nilikuwa nimefika kwenye kifua cha lile sweta la kijivu.

Mama akanishika mkono. "Leah, acha hilo."

"Nikiacha nitapoteza hesabu."

"Acha. Wilson harudi."

Nikamwambia najua, anarudi Desemba.

"Desemba hakuna. Harudi. Aliniambia nikuambie tukishavuka mpaka, nikashindwa. Nilitaka kukuambia Mbeya, nikashindwa tena."

Akanieleza. Pasipoti ya Wilson ilikuwa karibu kuisha na aliogopa kuipeleka ubalozini kwetu kule Lusaka ikafanywe upya. Alikuwa amesikia mwalimu mwingine, Mkenya kama yeye, alirudi nyumbani likizo akapokelewa uwanja wa ndege, na mpaka leo familia yake inauliza ofisi baada ya ofisi. Mwenye mamlaka shuleni alikuwa amemwambia kontrakti haitaongezwa. Alipanga kwenda kusini zaidi, Botswana, bila nyumba, bila kazi ya uhakika. Hakuweza kwenda na mwanamke mwenye mkono mmoja na mtoto.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Angekuambia ungepanda hii treni?"

Nilijua nisingepanda.

"Alipiga magoti jikoni kwako wewe ukiwa umelala," Mama akasema. "Mwanaume mzima. Nikamwambia twende nyumbani nikufiche. Akaniuliza, utanificha wapi, Mama, kwenye kibuyu?"

Niliwaka kwa hasira huku nalia. Nilisema maneno mabaya juu ya Wilson, mbele ya mama yake, maneno ambayo mke haruhusiwi kusema. Nilisema ni mwoga. Nilisema alinifungua vidole pale dirishani akijua. Mama aliniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Sawa," akasema. "Mimi nilimzaa, na mimi nimesema hayohayo tangu Kabwe. Sasa ukasirike na wewe. Lakini usimkasirikie mtoto."

Jerop alikuwa kitanda cha juu, amelala kifudifudi. Tulidhani amesinzia.

DAR ES SALAAM

Tulifika Dar mvua imetufuata. Mama alikuwa na homa, basi badala ya kuunganisha safari tulitafuta nyumba ya wageni Kariakoo, ya mama mmoja mpole aliyeitwa Bi Mwanaidi. Pale nilijiaibisha asubuhi ya kwanza. Niliingia jikoni nikasema kama tunavyosema sisi, "Nipe chai na maji moto."

Bi Mwanaidi aliweka mwiko chini. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nilichanganyikiwa. Nikarudia, sasa kwa sauti kubwa nikidhani hakusikia. "Nipe chai."

Mpangaji mmoja aliyekuwa mlangoni akacheka, akanieleza kwamba pale husemwa "naomba". Kusema "nipe" ni kama kumwamuru. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka. Nilikaa kwenye kibao cha kukunia nazi nikalia, na Bi Mwanaidi, ambaye sekunde moja kabla alikuwa amenuna, akanikalisha vizuri akanipa chai bila mimi kuomba wala kuamuru. Aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi kunywa," na hakuuliza tena.

Mama alipokuwa akipona nilifumua lile sweta. Nilishika mwisho wa uzi nikavuta, safu baada ya safu, na Mama akiwa kitandani akazungusha uzi kuwa donge. Ile sehemu ya kwanza, aliyoikaza sana alipokuwa anajifunza, ilikataa kufumuka ikabidi tuikate. Siku mbili baadaye nilianza sweta jingine, na nikafuma safu nzima peke yangu. Ilikuwa imepinda. Mama aliiangalia akasema, "Mbaya. Endelea."

NAMANGA NA NAIROBI

Kutoka Dar tulikwenda kwa basi mpaka Arusha, halafu Namanga. Barabara ilikuwa imekatika mahali fulani, wanaume wakashuka kusukuma basi. Pale mpakani afisa mmoja kijana, mwenye adabu kabisa, alimshika Jerop shavu akaniuliza, "Mama, mzee tumemwacha wapi?"

Picha ya rais ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, nami nikajikuta naongea na picha. "Yuko kazini. Anafundisha."

"Atarudi lini?"

"Desemba."

Hapo ndipo niliposikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu sawasawa na lilivyotoka kwa Wilson. Pengine alinipenda wakati akilisema. Sijui. Afisa alitutakia safari njema.

Nairobi hatukukaa. Tulipanda treni ya kwenda magharibi, na kulipopambazuka tulikuwa Timboroa, ukungu umeshika miti, watu wanajifunga mablanketi. Mama alifungua dirisha licha ya kikohozi. Alivuta ile hewa ya baridi mara kadhaa, kisha akanigeukia.

"Nitakuambia kitu usikasirike. Nilipoondoka niliwaambia watu ninaenda kumleta."

"Kumleta nani?"

"Wilson. Nilisema nitarudi naye. Nilimtumia Kipkemboi habari njiani, anajua tunakuja leo."

AINABKOI

Stesheni ya Ainabkoi iko karibu na maduka, kwa hiyo tuliwaona kabla treni haijasimama. Walikuwa wengi. Kina mama wa kanisa walikuwa wameanza wimbo. Kipkemboi alikuwa mbele amevaa koti la harusi yake. Nilishuka, nikamshusha Jerop, nikamsaidia Mama, na nikaona macho yote yakipita juu ya vichwa vyetu, yakiangalia mlango wa behewa nyuma yetu. Wimbo uliendelea kidogo. Treni ikaondoka. Ndipo ukaisha.

"Wilson?" Kipkemboi akauliza.

"Amebaki kusahihisha mitihani," Mama akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kazi ni kazi. Mmetupokea sisi au mnangoja treni nyingine?"

Watu wakacheka, wakatushika mikono, tukapanda kwenda nyumbani. Kule nilikuta kitu ambacho Mama mwenyewe hakukijua. Ile nyumba ya Wilson, iliyokuwa kuta tu tangu alipoondoka, Kipkemboi alikuwa ameiezeka mabati na kuipaka chokaa. Alikuwa amechinja kondoo. Kiti chenye mikono kilikuwa kimewekwa mlangoni kwa ajili ya Wilson, na sasa alikuwa amekikalia naibu wa chifu, mtu wa serikali.

Tulikula. Watu walimuuliza Mama habari za huko, naye akawaeleza juu ya viwavi mpaka wakashika mbavu. Nilianza kuamini tutamaliza salama. Ndipo naibu wa chifu akamwita Jerop, akampa kipande cha ini, akasema, "Haya, mwalimu mdogo. Baba anakuja lini?"

Jerop alitafuna kwanza. "Kogo alisema harudi. Alisema kwenye treni, na mama akalia."

Nilisikia mabati mapya yakilia kwa jua. Mama Kobilo hakugeuka. Alikuwa anamimina mursik, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa.

"Mtoto aliugua homa njiani," akasema. "Alisikia mengi. Alisema pia ameona fisi amevaa kofia."

Wachache walicheka. Naibu wa chifu hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama mimi, kisha mkono wangu, kisha kikombe alichopewa. Alikunywa chote polepole, akakirudisha. "Mitihani ni kazi ngumu," akasema. "Akiandika, mniambie anaendeleaje." Alichukua kofia yake akaondoka, na mmoja mmoja wengine wakakumbuka ng'ombe wa kukamua.

Tulibaki sisi. Jerop aliniuliza kama amefanya vibaya. Nilimwambia hapana, na ni kweli, hapana.

Kipkemboi alikuwa bado amesimama na lile koti lake. Aliingia jikoni, akatoka na sahani iliyokuwa imefunikwa, sehemu ya kondoo iliyowekwa kando kwa ajili ya mwenye nyumba. Akampelekea mama yake. Mama akaikataa.

"Mpe mwenye nyumba," akasema.

Kipkemboi alizunguka na sahani ile, hajui aipeleke wapi, hadi mama yake alipomwonyesha kwa kidevu. Akaja akaiweka mapajani mwangu. Nyama ilikuwa imepoa na mafuta yameganda. Wote wawili walisimama wakinitazama, nami nikala.